Tulifunika Glasi ya Arsène

Mimi nauza pombe na sinywi. Naanza na hilo kwa sababu watu wakiona "Chez Clo" imeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu, hapa Mangobo, Kisangani, na viti vyangu vya plastiki vya bluu vimetoka mpaka barabarani, wanadhani Mama Clothilde naye ana chupa yake chini ya kaunta. Hana. Tangu mwaka 1988 sijaweka tone mdomoni, na miaka yote hiyo nilijivuna nalo sana. Sasa sijivuni tena.

Mdogo wangu Arsène alikufa Uingereza mwaka jana, mwezi wa pili, katika mji unaoitwa Hull. Alikufa kwenye kiti, mchana, kwa tension, yaani shinikizo la damu, ugonjwa wa nyumba yetu. Alikaa kwenye kiti kile siku kumi na moja kabla mtu hajaufungua mlango wake. Watu wa hapa wananifariji, wanasema Ulaya ndiyo hivyo, kila mtu na mlango wake, hakuna anayejua jirani amelala au amekufa. Nawaacha waseme. Arsène alikuwa na watu ambao wangegonga mlango ule siku ya pili. Mimi ndiye niliyemtoa kwao, kwa mdomo wangu huu, na nilipomtoa nilimshukuru Mungu.

Nianze na papa yetu. Alikuwa mvuvi wa maporomoko, Mgenya wa kuzaliwa, mtu wa kutembea juu ya miti ya mitego katikati ya maji yanayonguruma, kikapu begani, bila kushika popote. Lotoko ndiyo ilimshika. Kama hujui lotoko, ni pombe kali ya mahindi na muhogo, wanaipika nyuma ya nyumba, na ukiiwekea kiberiti inawaka. Papa alianza na kikombe kimoja kwa ajili ya baridi ya mto. Kimoja, alisema. Mpaka anakufa alikuwa anasema kimoja. Alifia kwenye benchi ya mama muuzaji, saa nne asubuhi, na wenzake wakaendelea kunywa mpaka saa sita wakidhani amesinzia.

Siku ya matanga, tonton Michel, mdogo wa papa, alifanya jambo ambalo limekuwa sheria ya nyumba yetu. Aliweka meza katikati ya uwanja, akatuambia kila mtoto wa marehemu alete kopo lake mwenyewe, alifunike juu ya meza, mdomo chini, na aseme mbele ya watu kwamba pombe ameiacha maisha yake yote, yenyewe na mahali inaponywewa. Shahidi wako ni yule unayemtazama machoni wakati unafunika. Kopo linabaki limefunikwa hivyo hivyo mpaka mwenyewe afe. Siku ya kuondoa matanga yake, shahidi analiinua mbele ya familia na kusema: amemaliza, hakuvunja. Kama alivunja, shahidi hasemi kitu, na kopo linatupwa mtoni.

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Nilifunika langu nikimtazama tonton. Arsène alikuwa na miaka minane, naye akaja anakimbia na kikopo chake cha bati cha kunywea uji. Tonton akamsukuma taratibu.

"Weye bado," alimwambia. "Utafunika siku utaanza kunywa."

Watu wakacheka, hata mama alicheka siku ile. Kikopo kikarudi jikoni.

Mtaniuliza, mtu aliyeona hayo anauzaje bia? Mume wangu alikufa akaniachia binti mmoja, Nadia, na friji moja kubwa. Friji ilikuwa nzima. Basi. Lile la mahali pa kunywea tonton akaniruhusu mimi, kwa sababu ya mtoto na kwa sharti kwamba nisionje. Lotoko haijawahi kuingia kwangu, na mlevi nikimwona namwambia aende akalale. Na kazi yangu naijua. Chupa naileta imefungwa, mteja anaigusa, anakubali, ndipo naifungua mbele ya macho yake na kifuniko nakirudisha juu ya mdomo wa chupa. Hakuna mtu Kisangani hii atakayekunywa kitu kilichofunguliwa nyuma ya mgongo wake. Tena najua viti. Papa Médard, mzee aliyestaafu kwenye reli ya Ubundu, ana kiti chake karibu na mlango. Anafika saa kumi, anaomba bia moja isiyo ya baridi, anaondoka saa kumi na mbili. Ikifika saa kumi na moja kiti chake kiko wazi, mimi mwenyewe navaa kandambili naenda kwake kubisha. Mara mbili nimemkuta na malaria, kichwa hawezi kukiinua. Hilo sikufundishwa na mtu. Ukiwa na bar unalijua.

Arsène aliondoka Kisangani kijana, baada ya vita vya siku sita vilivyopigwa hapa mjini, akazunguka kambi za wakimbizi miaka minane, mwisho ndege ikamshusha Hull. Akapata kazi kwenye kiwanda cha samaki. Tulicheka sana: mtoto wa Wagenya amevuka dunia nzima kwenda kushika samaki. Hakuoa. Alinipigia kwa video kila Jumapili, akiniita ya Clo, yaani dada Clo, na kwa miaka mingi nilichokiona nyuma yake ni ukuta wa chumba, wa rangi ya chai ya maziwa. Aliniambia anaweza kumaliza juma zima bila mtu kutaja jina lake. Kule kiwandani mashine zinapiga kelele, kila mtu amefunika mdomo, unafanya ishara kwa mkono tu. Nilimwombea apate watu.

Akawapata. Jumapili moja ukuta haukuwepo. Niliona moto unawaka ndani ya nyumba, zulia jekundu, mbwa mzee amelala chini ya meza, na Arsène amenenepa kidogo usoni.

"Uko wapi?" nilimuuliza.

"Niko Nanga, ya Clo. Iko bar. Njo jina yake."

"Bar ya zulia?"

"Ya zulia. Huku watu hawatembeleane ku nyumba, ya Clo. Ukitaka kuona mutu, unaenda Nanga."

Akanizungusha na simu ili nione. Nikaona wazee wanatupa misumari yenye manyoya kwenye ubao wa duara. Nikaona juu ya kaunta glasi kubwa nene zenye mkono, zimening'inia kwenye kulabu, kila moja ya mtu wake. Yake ilikuwa ya tatu kutoka mlangoni. Nikamwona mwenye bar, mama mkubwa wa mwili, nywele nyeupe, anaitwa Pauline, akanipungia mkono kwa kitambaa cha kufutia meza.

"Na bia wanafungulia wapi?" nilimuuliza, maana kwangu hilo ndilo la kwanza.

"Haina kufunguliwa. Inatoka mu robinet kama maji ya bomba, nyuma ya kaunta."

"Nyuma ya kaunta? Na weye unakunywa kitu haukuona inatoka wapi?"

Alicheka mpaka mbwa akaamka. Akamtafsiria Pauline, naye akacheka, na tangu siku ile, Arsène alinieleza, kila kabla ya kumpa glasi, Pauline alikuwa anamwita kwanza aje asimame pale aone bia inavyotoka, kisha ndipo anampa. Alifanya hivyo kila siku kwa miaka mitatu. Kwa heshima ya dada wa Kisangani ambaye hajamwona.

Bia yenyewe ilikuwa nyeusi, si ya baridi wala ya moto. Arsène anaianza saa kumi akitoka kazini, anaimaliza saa kumi na mbili. Alhamisi walikuwa na mchezo wa maswali, meza kwa meza, na meza ya Arsène ilikuwa inashinda kwa sababu yeye ndiye alijua mito na miji mikuu ya dunia. Mzee mwenye mbwa alikuwa anamwita Profesa. Wakati mmoja mzee huyo hakuonekana siku mbili, Pauline akafunga kaunta saa sita mchana akaenda kwake, akamkuta ameanguka bafuni, hai. Arsène alinisimulia kwa furaha kubwa.

"Iko kama weye na Papa Médard," alisema. "Anachunga watu yake kwa macho."

Nilisikia maneno hayo, yakanipendeza, yakapita. Ningekuwa na akili ningeyashika.

Nilichoshika mimi ni kitu kingine. Nilimuuliza anakunywa lini.

"Kila siku, kisha kazi. Glasi moja."

Moja. Nimeuza bia miaka ishirini, sijawahi kukutana na mlevi aliyeniambia mbili. Tangu hapo moyo haukutulia tena. Kila Jumapili nikawa namchunguza macho kama ni mekundu. Nikamtuma Yannick, mtoto wa jirani yetu anayeishi mji mwingine kule Uingereza, apite amwangalie. Akaniletea jibu kwamba Arsène yuko sawa, anakunywa kidogo kuliko yeye. Nikaona Yannick naye ni mlevi.

Mwezi wa tisa wa mwaka juzi Arsène alitimiza miaka arobaini na minne. Alinipigia kutoka Nanga, na watu wote walikuwa wanamwimbia, na kila mmoja alikuwa amemnunulia glasi, maana kwao ndiyo zawadi. Alitaka nione furaha yake. Kisha akacheka. Naapa mbele yenu, hakuwa Arsène aliyecheka. Alikuwa papa, kile kicheko cha papa akirudi kutoka kwenye benchi, kilichokuwa kinatufanya mimi na mama tujifungie chumbani. Nikakata simu. Niliporudi kwa mteja nikaiangusha chupa yake.

Kesho yake nilienda kwa tonton Michel. Ana miaka themanini na mbili, masikio yamechoka, lakini hili alilisikia mara moja. "Yule hakufunikaka," alisema. "Njo kosa yetu. Afunike sasa."

Nikamtumia Arsène sauti. Nilimwambia afunike glasi yake mbele yangu na asikanyage tena bar ile, na mpaka afanye hivyo hana dada Kisangani. Kisha nikaacha kupokea simu. Majuma matatu. Mimi najua kukasirika, kila mtu Mangobo anajua, na hasira yangu ikishakaa kitini haiinuki upesi.

Alinitumia sauti nyingi. Ninazo zote. Katika ya kwanza anasema, "Ya Clo, miye si mulevi. Uulize Pauline." Nyingine anasema, "Bon, nitaenda, nitakunywa limonade. Nitakaa tu na watu." Hiyo nilimjibu, nikamwambia papa naye alikuwa anasema anaenda kusalimia tu. Na ile ya mwisho, nyuma yake kuna ukuta tu, hakuna kelele ya mtu: "Ya Clo, nikiacha Nanga, nitaongea na nani?"

Nilijibu kwa maneno machache. "Na Mungu," nilimwambia. "Na miye."

Jumapili iliyofuata akafunika. Ilikuwa saa za mchana, bar yangu imejaa, nikaegemeza simu kwenye chupa ili wote waone. Arsène alikuwa chumbani kwake, mbele ya ule ukuta, amevaa shati jeupe, na mezani ameweka glasi nene yenye mkono. Nikashangaa ameipata wapi, ikanipita. Akanitazama machoni. Akaifunika polepole, akasema maneno ya tonton, hakukosea hata moja, yeye ambaye alikuwa na miaka minane alipoyasikia.

"Umefurahi?" aliniuliza.

"Sana, mudogo wangu. Sana."

Nikapiga vigelegele. Wateja wangu, kila mmoja na chupa yake mbele, wakampigia makofi Arsène kwa kuacha pombe. Papa Médard peke yake hakupiga. Aliniuliza tu, "Na sasa saa kumi atakuwa anaenda wapi?" Nikamwambia anywe bia yake.

Tangu hapo Arsène alinipigia kila siku. Saa yake ya kutoka kazini ni saa ambayo kwangu watu wanaingia. Alikuwa hana jambo la kusema. Aliniambia mvua inanyesha, aliniambia amepika wali, aliniuliza nani ameketi wapi, nikamtajia mmoja mmoja, kisha mtu ananiita.

"Ya Clo, usikate kwanza."

"Niko na watu, Arsène."

"Najua. Weka tu simu ku kaunta. Nitasikia watu wanaongea."

Mara mbili tatu niliiweka. Halafu nikaona inamaliza umeme wa simu na inanizuia kazi, nikamwambia tuongee Jumapili kama zamani, ndivyo watu wazima wanavyofanya. Akasema sawa. Hakuwa mtu wa kubishana. Uso ulianza tena kukonda, na mimi nikawaambia watu kanisani kwamba mdogo wangu amepungua tumbo la bia, Mungu asifiwe.

Sasa sikieni Jumapili yenyewe. Mwezi wa pili, mwaka jana. Nilingoja simu yake saa nane, haikulia. Nikapiga mimi, haikupokelewa. Nikapiga tena. Wakati huo huo saa kumi ilipita, saa kumi na moja ikafika, na kiti cha Papa Médard kilikuwa wazi. Nikavaa kandambili nikaenda kubisha kwake, avenue mbili kutoka kwangu, nikamkuta na homa, nikamchemshia maji, nikamwita muuguzi. Nilirudi nimechoka, nikaona simu bado kimya, na unajua nilifikiri nini? Nilifikiri amerudia. Nilifikiri yuko Nanga kwenye zulia lake, anaona haya kunipokea.

Nikamtumia sauti. Nitaisema yote, maana nikiipunguza nitakuwa mwongo tena. Nilisema: "Arsène, najua kule uko. Kaa na walevi yako. Miye sitakupigia tena mpaka utajua haya."

Na sikupiga. Jumapili ya pili nilikaa nimeikunjia simu uso siku nzima. Sauti ile ina alama moja ya kijivu mpaka leo, haijawahi kuingia kwake. Simu yake ilikuwa imezimika mkononi mwake.

Jumanne asubuhi nilikuwa nafagia, simu ikalia kwa video, namba ngeni. Nikaona nywele nyeupe. Nikamwita Nadia, anasoma Kiingereza chuoni, aje atafsiri.

"Mama, ni Pauline wa kule," Nadia alisema. "Arsène alimuandikiaka namba yako siku moja, ati akija Kisangani apige."

"Anataka nini?"

Nadia akamsikiliza, akakunja uso.

"Anaomba umupatie tonton Arsène simu. Anasema tafadhali. Anataka tu kuona uso yake."

"Arsène iko kwao," nilisema. "Mwambie, Arsène iko kwao kule Hull."

Nadia akamwambia. Pauline akafunga mdomo kwa mkono. Ule mkono niliutazama muda mrefu, una pete mbili na kucha fupi za mtu wa kuosha glasi, na nilijua kabla Nadia hajafungua kinywa.

Polisi walikuwa wamekwenda Nanga asubuhi ile. Fundi aliyekuja kukagua mashine ya maji moto ndiye aliyefungua mlango wa chumba. Mezani polisi waliona kadi ya kumuaga mtu, yenye jina la Nanga, wakaipeleka kuuliza. Na Pauline aliwaambia mmekosea, mtu wa kadi hii hayuko tena Uingereza, yuko kwa dada yake Kisangani tangu mwezi wa kumi, alikuja mwenyewe Alhamisi moja kutuaga. Alituambia dada yake mkubwa ana bar yenye viti vya bluu na amemwita nyumbani amsaidie. Tulimfanyia karamu. Tulimtolea glasi yake kwenye kulabu, tukampa, akanywee huko kwao. Mzee mwenye mbwa alilia.

Pauline alisema kwamba mwezi wa kumi na mbili, akiwa ndani ya basi, aliona mtu kama Arsène anatembea na mfuko wa chakula upande wa pili wa mji, anapita njia ndefu. Alisema moyoni, nimemkumbuka mno mpaka nimeanza kumwona barabarani. Angeshuka kwenye basi lile kama asingekuwa na uhakika kwamba mtu wake yuko kwetu, anakunywa mbele ya macho ya dada yake.

Nadia alitafsiri yote akilia. Mimi sikulia. Nilielewa mara moja kwa nini alidanganya, na hilo Pauline hawezi kulielewa hata umweleze mwaka mzima. Kwetu mtu hasemi mbele ya wageni, dada yangu amenikataza. Anasema, dada yangu ameniita. Alinifunika mimi. Aliona afadhali apite njia ndefu kwenye mvua miezi minne kuliko wale watu wanifikirie vibaya.

Walimzika kule, watu wa Nanga na Wakongo wachache wa mji ule. Video ninayo. Wazee wamevua kofia, mbwa ameshikwa kamba, na Pauline amesimama mbele kabisa, mahali pangu.

Mwaka umepita. Mwezi wa pili wa mwaka huu Yannick alikuja likizo akatuletea mzigo: nguo kidogo, kadi, na glasi. Glasi ilikuwa imefungwa ndani ya shati jeupe. Polisi walimwambia Pauline waliikuta imefunikwa mezani, imezungukwa na vumbi, na ilipoinuliwa palibaki duara safi.

Asubuhi ya kuondoa matanga nilimwomba Nadia anisomee kadi. Watu kumi na wanne waliandika, wengine majina tu. Mzee wa mbwa aliandika: Profesa, mito nani atatuambia sasa? Pauline aliandika chini kabisa, kwa herufi kubwa. Nadia alisoma mara moja na akakataa kurudia. Ameandika: Mwambie dada yako ana bahati, na akuchunge vizuri kuliko mimi.

Familia yote ilikuja, viti vya bluu havikutosha. Tonton Michel alishikwa mkono mpaka mezani, akaketi, akaita glasi iletwe. Watu walinong'ona kuiona, kubwa namna ile, nene, ina mkono. Tonton akasema shahidi asimame, nami nikasimama. Kabla sijaigusa, akanishika kiganja akawageukia watu. Alisema papa yetu alikufa mlevi, lakini mtoto wake Arsène amekufa msafi, katika nchi ya walevi, na aliyemwokoa ni huyu Clothilde. Wamama wakapiga vigelegele.

Nilitaka kusema. Nilikuwa nimejiambia usiku kucha kwamba nitasema kila kitu: Nanga, zulia, kaunta iliyofungwa saa sita mchana, "usikate kwanza", sauti yenye alama moja. Nikamtazama Papa Médard kwenye kiti chake karibu na mlango. Ndiye peke yake niliyekuwa nimemweleza. Aliinamisha kichwa. Lakini maneno ya shahidi ni mawili tu, na nisipoyasema, glasi ya Arsène itatupwa mtoni kama ya mtu aliyevunja. Naye hakuvunja. Katika nyumba yetu nzima hakuna aliyetimiza kama yeye.

Nikaiinua glasi. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani.

"Amemaliza," nilisema. "Hakuvunja."

Watu wote wakapiga makofi. Mimi sikuweza kupiga, mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika glasi.